Nyota Ilikuwa ya Salma

Jamani, leo nimeaibika. Nimetoka chuoni mpaka nyumbani Walthamstow, hapa London, na chipsi mkononi, na sijaonja hata moja.

Mimi na Salma, yule dada wa Unguja ninayesoma naye, tumekuwa tukibishana. Kuna pulsa, mabaki ya nyota yanayotoa mapigo ya eksirei, na lazima kuna nyota nyingine inayozunguka nayo. Ipi sasa, kati ya zote zinazoonekana pale? Mimi nilikuwa na yangu, yeye na yake.

Wiki jana, mbele ya kikundi kizima, nilimwambia kwa Kiingereza aende kwanza akajifunze kusoma ramani.

Eti mimi!

Leo nikaja kummaliza. Nikaweka picha ya anga kwenye projekta, na juu yake karatasi ya plastiki niliyochora duara pale eksirei zinapotokea. Duara likakaa juu ya nyota yangu. Nikatabasamu kama bwana harusi.

Salma akainuka, akajifanya anarekebisha projekta, akaninong'oneza:

"Kaka, karatasi umeifudikiza. Igeuze mwenyewe kabla hawajaona."

Nikatazama. Herufi zote nilizoandika kando ya duara zilisomeka kinyume.

Nikaigeuza. Duara likahama, likatua juu ya nyota yake.

Profesa akauliza kuna nini. Nikajibu kwamba nyota ni ya Salma.

Sasa niambieni, msamaha nitauombaje? Mimi nilimtukana kwa Kiingereza ili wote wasikie. Yeye alinisahihisha kwa Kiswahili ili asisikie mtu.