Mama Mkwe Katikati ya Alizeti

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, Jumapili, shemeji yangu alinionyesha pa kuingilia shambani, na mambo yakaanza kuharibika.

Tulikuwa tumetoka Nsambya kwenda kuona bonde la alizeti kaskazini ya mji, ambalo likichanua huvuta nusu ya Kampala na simu zao. Mama mkwe alipanda gari la kukodi na binti zake wawili, yaani mke wangu na mdogo wake. Mimi nilifuata kwa bodaboda nikila vumbi. Kwa Waganda, mwanamume hamkaribii mama wa mke wake. Husemwa kuwa akimgusa, mikono yake itakuja kutetemeka. Mimi ni fundi saa pale Nakivubo, kazi niliyojifunza mwenyewe vitabuni. Jambo hilo siliamini, ila sikuwa tayari kulifanyia majaribio kwa mikono inayonilisha. Kwa hiyo nilipanga mapema: mama mkwe atembee upande wa barabara, mimi upande wa mto.

"Ingia hapa, shemeji," alisema mdogo wa mke wangu. "Mama amechoka, amerudi garini."

"Una hakika?"

"Mwanamume mzima, unaogopa maua?"

Nikaingia. Alizeti zilinizidi kimo, na nafasi kati ya mistari ilimtosha mtu mmoja. Katikati ya shamba nikaona gomesi ya zambarau, lile gauni refu la Kiganda alilovaa mama mkwe, inanijia, simu mbele, inapiga picha. Nikageuka. Shemeji alikuwa ameziba njia nyuma yangu, kiganja mdomoni, mabega yakimcheza.

Nikajitupa pembeni. Mabua yakavunjika chini yangu, nami nikaficha uso udongoni.

Mwenye shamba alifika upesi. "Elfu sitini, ssebo. Kama ni usingizi, nyumba ya wageni iko pale barabarani."

Mama mkwe alikuwa ameshanipa mgongo, na kwa kuwa mwenye shamba alisimama kando yangu, hakuweza kumgeukia. Alimwambia binti yake, "Mwambie mwenye shamba kwamba mkwe wangu hakuanguka. Ameniheshimu. Apunguze."

"Anasema upunguze," shemeji alirudia, ingawa sote tulisikia.

"Mwambie mama, alizeti zangu hazina wakwe."

Walivutana hivyo, mimi nikiwa bado nimelala, kwa sababu mama hakuondoka mpaka bei ilipomridhisha. Kumgusa sikumgusa. Mikono ilitetemeka mara moja tu, nilipotoa noti mfukoni: shilingi elfu ishirini na tano.