Mume wa Gazetini

Kezia Lofton aliolewa na fundi wa kalafati, akaja kujikuta mke wa gazeti. Ndivyo alivyokuwa akisema mwenyewe, na waliocheka hawakumtazama usoni vizuri.

Mumewe, Ansel, alifika New Bedford akiwa na miaka ishirini na miwili, amejificha nyuma ya magunia katika meli iliyotoka Norfolk, Virginia, alikozaliwa mtumwa. Jina la Ansel Lofton alilichagua siku ya pili baada ya kushuka. Kazi ya kuziba nyufa za meli kwa kamba na lami aliijua kuliko wengi pale gatini, lakini mafundi weupe walisema siku huyo akishika nyundo, wao wataweka zao chini. Basi akabeba mapipa ya mafuta ya nyangumi, akapasua kuni, akasafisha madohani, na katikati ya hayo yote akamwoa Kezia, mfua nguo za mabaharia, mzaliwa huru wa mji uleule. Hawakujaliwa mtoto. Walikaa na mama yake Kezia, Bi Huldah, na kelele za Bi Huldah peke yake zilitosha watoto wanne.

Kilichomchukua Ansel ni mdomo wake. Kulikuwa na mkutano wa kupinga utumwa pale kanisani, msemaji aliyealikwa akachelewa, mchungaji akamwomba Ansel asimame awashikilie watu kidogo. Aliwashikilia saa mbili. Wanaume walitoka macho mekundu. Miezi mitatu haijapita, kamati ya wapinga utumwa ikaamua aende ng'ambo, Uskoti, akazunguke mwaka mzima kuwaeleza watu wa huko utumwa ni kitu gani, ili makanisa yao yaache kushikana mikono na wenye watumwa. Kezia aliulizwa kama anakubali, ndiyo, lakini aliulizwa wakati mkoba umeshafungwa.

"Mwaka mmoja tu, mke wangu," Ansel alimwambia. "Mei ijayo niko hapahapa mezani, mama yako ananinung'unikia."

"Wewe nenda tu," alidakia Bi Huldah kutoka kwenye kiti chake. "Hapa nitamnung'unikia nani? Nitatafuta hata paka."

Kamati ilimpa Ansel sharti moja kubwa. Aseme yote, lakini asitaje jina la bwana wake wa zamani, wala jina lake la kuzaliwa, wala alikotorokea. Kwa sheria ya nchi bado alikuwa mali ya mtu, na mwenye mali angeweza kuja kumchukua hata New Bedford. Ansel akaapa.

Barua za nyumbani zilikuja kwa kubahatisha, mkononi mwa mpishi wa meli hii au baharia wa ile. Mwaka ule wa kwanza zilifika tatu. Barua ndefu Ansel aliliandikia gazeti la wapinga utumwa, na gazeti halikukosa wiki. Nakala ilikuwa moja kwa wanawake wote. Kila Ijumaa mchana walikutana chumba cha chini ya kanisa kushona vitu vya mnada wa Krismasi, na Dada Vashti Arnold, mwalimu wa shule ya Jumapili, aliwasomea kwa sauti ya kuhubiri.

Kwa hiyo Kezia alimsikia mumewe kwa mdomo wa Vashti, sindano mkononi, pamoja na wanawake kumi na wanne. Alisikia kwamba Ansel amehutubia watu elfu moja mahali fulani. Alisikia kwamba amekaribishwa chai na mabibi wa heshima, wakampa kiti cha mbele, hakuna aliyemsogeza.

"Mabibi wa heshima!" alisema Dada Philena, mpishi wa pale hotelini, mwanamke asiyeweza kuiona nafasi ya utani akaipita. "Kezia, huyo akirudi atataka kijiko chake cha chai."

"Kijiko atapata. Sukari ndiyo hatapata."

Wakaangua kicheko. Nyumba ya Kezia ilikuwa imeapa, kama nyumba zao nyingi, kutotia mdomoni sukari iliyolimwa na watumwa, na mji mzima ulijua Bi Huldah alivyolichukua jambo hilo. "Mkwe wangu amewafungua watu huko," alikuwa akimwambia kila anayepita dirishani, "mimi huku amenifunga sukari."

Kezia alicheka na wenzake, kisha akarudi nyumbani na njaa ileile aliyokwenda nayo. Katika barua zote zile alikuwa akingoja neno moja lake yeye, na halikuwamo. Alijua sababu. Ansel hakutaka kumtaja mkewe wala mji wake gazetini. Lakini kujua sababu hakukumsaidia. Alimtamani mumewe, hakuna namna nyingine ya kusema. Hakutamani hotuba zake. Alitamani ile miguu yake ya barafu aliyokuwa akiileta kwenye vigimbi vyake bila hodi. Mkate wa mahindi ukiungua pembeni, Ansel ndiye aliyekuwa akila ukoko; sasa ukoko ulibaki kwenye sufuria, na Kezia aliubandua, akaula akiwa amesimama, ingawa hakuupenda. Kitandani alilala upande wake, wa Ansel hakuugusa.

Na alikuwa na kitu kingine, chake peke yake. Usiku wa kwanza wa ndoa yao Ansel alimnong'oneza jina alilopewa na mama yake mzazi: Isom. Hakuna mwingine aliyelijua upande huu wa nchi, hata mchungaji. Siku kazi zinapomwelemea, Kezia aliliita jina hilo kimyakimya juu ya beseni la nguo, akaendelea kusugua.

Januari, Ijumaa yenye theluji hadi madirishani, Vashti alifungua gazeti akapiga ukelele. "Dada zangu, acheni sindano! Leo ndugu yetu amewamaliza!"

Akasoma. Katika mkutano mmoja huko Uskoti, bwana mmoja muuza pamba alisimama katikati ya watu akasema huyu si mtumwa wala hajawahi kuwa, ni mcheza tamthilia aliyekaririshwa maneno. Kama ni kweli, amtaje aliyekuwa bwana wake. Ukumbi ukaanza kuguna. Ansel, kwa maneno yake mwenyewe, alisikia miaka yote aliyopigwa ikigeuzwa uongo mbele ya macho yake. Akajibu. Hapo Vashti akapandisha sauti: "'Aliyejiita bwana wangu ni Josiah Tarrant wa Norfolk. Mwandikie, muulize! Muulize habari za Isom, fundi wa kalafati, aliyemwachia nyundo yake ufukweni akaenda zake. Isom huyo ndiye mimi, na New Bedford wananijua mtu huru!'"

Chumba kililipuka. Wanawake walisimama, wakapiga makofi, Philena akapiga meza kwa mkasi. Mmoja alianza kuimba. Ni Kezia tu aliyebaki kwenye benchi, kitambaa magotini. Kwanza alisikia jina lake la siri likitoka kwa sauti kubwa kinywani mwa Vashti, akahisi kama mtu ameingia chumbani kwake bila kubisha. Kisha akaelewa lililobaki. Ametaja bwana, ametaja jina, ametaja mji. Haji Mei. Haji tena.

Philena ndiye aliyemwona wa kwanza. Akaweka mkasi chini. "Jamani," alisema, "jamani, nyamazeni."

Kelele zikafa moja moja. Vashti alitazama gazeti, akamtazama Kezia, akalishusha gazeti. "Dada Kezia... mimi sikufikiri."

"Hata yeye hakufikiri," Kezia alisema. "Soma yaliyobaki."

Walimlaumu na kumtukuza Ansel kwa pamoja, na wote walikuwa na haki. Kuna watu walikaa kimya maisha yao yote mbele ya waongo, na mmoja alipofungua kinywa, sharti lilikuwa afunge. Kezia alimkasirikia hadi alitupa sabuni ukutani. Kesho yake alijiuliza yeye angefanya nini ukumbini mle, akaona angetaja hata jina la mbwa wa Tarrant.

Machi wakala wa Tarrant alishuka New Bedford, mtu mwembamba mwenye glavu. Kabla hajatoka gatini kengele ya kanisa ilikuwa inagongwa, kama ilivyogongwa kila akija mtu wa namna ile, na alipofika kwa Kezia alikuta watu arobaini wamejaa barabarani. Mlango ulikuwa wazi. Bi Huldah alikuwa kwenye kiti chake, blanketi magotini.

"Namtafuta mtu anayeitwa Isom," alisema yule bwana.

"Karibu, mwanangu. Umechelewa kidogo tu. Yuko Uskoti."

"Anarudi lini?"

"Hilo nami naliuliza kila siku. Wewe panda meli umfuate. Ukimpata, mwambie mama mkwe wake anadai sukari. Kezia! Mfungie mgeni mkate, safari ni ndefu."

Watu wa barabarani walicheka hadi yule bwana akavaa kofia yake vibaya. Lakini alipanga chumba mjini wiki tatu, na alipoondoka aliacha mtu wa kumwangalizia. Mlango wa Ansel kurudi ulikuwa umefungwa, na kila mtu alijua.

Barua ya Ansel ya mkononi ilifika kiangazi. Aliomba radhi kwa ukurasa mzima, kwa mwandiko wake wa kukandamiza, kisha akaandika: njoo. Sina njia ya kuja huko, njoo wewe. Wakati huo Bi Huldah alikuwa ameshapooza upande mmoja.

"Nenda," alisema mama. Maneno yalimtoka kwa taabu, lakini ukali ulikuwa uleule. "Philena atanilisha."

"Philena atakulisha utani tu."

"Mimi sitakufa kwa kufuata ratiba ya meli yako, Kezia. Naweza kukaa miaka kumi hapa kwa ukaidi."

"Basi kaa kumi. Fungua mdomo, uji unapoa."

Alikaa miaka miwili kasoro miezi michache. Kezia alimgeuza, akamwosha, akamlisha, na usiku akalala upande wake wa kitanda. Hakuwahi kumwambia mama yake kwamba kuna asubuhi alizoamka akihesabu umri wa mama na umri wake mwenyewe, akajichukia kwa hesabu hiyo. Februari, mwaka elfu moja mia nane arobaini na tisa, Bi Huldah alifariki akiwa ameshikwa mkono. Ardhi ilikuwa imeganda, wachimbaji kaburi waliwasha moto juu ya udongo kwanza, ulainike. Aprili wanawake wa kushona walimtafutia Kezia nafasi katika meli, wakamsindikiza hadi gatini, na Philena, ambaye siku hiyo hakupata utani hata mmoja, alimshika shingoni hakutaka kumwachia. Mji ulipoanza kuwa mdogo, Kezia aliutazama mnara wa kanisa hadi macho yakauma. Wote aliowajua duniani walikuwa nyuma yake, isipokuwa mmoja.

Melini walimlisha peke yake, mbali na meza ya abiria weupe. Barua aliyoitanguliza ilikuwa imepakiwa katika meli ya polepole zaidi, kwa hiyo alipofika Dundee, mji wa Uskoti alikokaa Ansel, mchana wa Jumamosi, hakuna aliyekuwa akimngoja. Mama mwenye nyumba alikopanga Ansel alimwelekeza kanisani: msemaji yuko kazini.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Kezia akapenya na furushi lake, akapata pembe ya benchi la nyuma kabisa, karibu na bibi mmoja aliyekuwa na leso tayari mkononi. Na kule mbele, juu ya jukwaa, alikuwa Ansel. Alikuwa amenenepa kidogo. Ndevu zilikuwa na mvi ambazo Kezia hakuzijua. Sauti ilikuwa imelainika, inapanda na kushuka panapotakiwa, ya mtu aliyeyasema haya mara mia. Kezia alimtazama mikono, ile mikono ya lami, akashika benchi kwa nguvu asije akainuka.

"Nina mke," alisema Ansel. "Kila jioni yuko gatini, mpendwa wangu, anaitazama bahari iliyotutenganisha. Kila jioni, mvua au theluji, amesimama pale."

"Uongo," alisema Kezia, si kwa sauti kubwa.

"Shh!" alimkemea yule bibi wa leso, machozi yanamtiririka. "Anamsema mkewe, maskini!"

Ansel alipomaliza, mwenyekiti aliuliza, kama ilivyo desturi, iwapo kuna mwenye swali au shaka. Ansel alijiweka sawa, kifua mbele, kama anavyofanya mtu aliyewahi kuumizwa na swali hilo. Kezia akasimama.

"Mimi nina shaka," alisema. "Huyo mke wako hakusimama gatini kila jioni. Alisimama mara mbili tu, na hizo mara mbili alirudi nyumbani analia, akasema basi. Siku nyingine zote alikuwa na nguo za watu za kufua na mama mgonjwa wa kumlisha. Ukitaka kumsema, mseme alivyo."

Vichwa vyote viligeuka nyuma. Ansel aliinama mbele, akiitafuta sauti ilikotoka. Mwenyekiti alidhani amezidiwa, akamsogezea glasi ya maji; Ansel hakuiona. Alisema maneno mawili tu, kwa sauti ndogo, isiyo ya jukwaani.

"Na mama?"

"Tulimzika Februari."

Akashuka. Ngazi ilikuwa upande wa kulia, hakuikumbuka. Alikaa ukingoni mwa jukwaa akajitelemsha kama mtoto, akaja katikati ya mabenchi akijishikilia mabegani mwa watu. Miaka mitatu aliwaliza watu wa Uskoti mji kwa mji. Siku hiyo walikaa wakamtazama yeye akilia begani mwa mwanamke mwenye furushi, na hakuna aliyepiga makofi.