Albamu Yangu Mbele ya Majaji wa Ulaya

Kwenye kampuni yetu ndogo ya vitabu hapa Arusha, mfunga vifurushi ni mimi. Mwezi uliopita nilifunga viwili kwa karatasi ya kaki: kitabu chetu cha picha za wafugaji, kiende Ulaya kushindania tuzo ya kimataifa, na albamu ya kipaimara cha mdogo wangu, iende kwa mama yangu kule Ngaramtoni. Mama alipiga simu kushukuru, akasema ng'ombe wametoka vizuri. Nikadhani ni wale wa nyumbani.

Jana bosi, Mama Ndekirwa, alituita wote mbele ya kompyuta.

"Majaji wamejibu. Wametuma na ukurasa uliowagusa."

Akaufungua. Nikajiona mimi, mdomo wazi, nalishwa kipande cha ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma. Chini yake, kwa mwandiko wangu mwenyewe: Mjomba Elia akinilisha kwenye sherehe ya kipaimara, tarehe 12 Aprili.

Bosi alisoma mara mbili, kisha akanigeukia.

"Lomayani, mjomba Elia si ndiye uliyeomba ruhusa siku hiyohiyo ukamzike?"

Wenzangu, waliokuwa wamenichangia rambirambi, wakasogea karibu wamwone marehemu.