Mkanda wa Zamani kwa Mkanda Mpya

Mwezi uliopita nilikuwa Kisumu kwa shughuli za familia, nikapita mtaa ule wa maduka makubwa unaoteremka kuelekea ziwani. Vijana watano waliovaa fulana za rangi moja walikuwa wakicheza juu ya lori, na kipaza sauti kikituhimiza tununue simu mpya. Niliyekuwa naye alidhani nimesimama kwa sababu nataka simu, akaanza kunishauri kuhusu bei. Nilimwacha aseme. Nilikuwa nikitafuta kwa macho mlango mmoja upande wa pili wa barabara, ambako siku hizi wanauza viatu, na nilikuwa nikicheka peke yangu.

Kama ulikulia Kisumu miaka ya themanini, huenda ulisimama pale pia. Lilikuwa duka la redio, feni na televisheni, na dirisha lake la kioo lilikuwa refu kuliko sebule yetu nzima. Nyuma ya kioo kulikuwa na televisheni ya rangi iliyowashwa tangu duka lilipofunguliwa asubuhi mpaka lilipofungwa. Chini yake palikuwa na deki ya video, na deki hiyo ilionyesha kaseti moja tu, ya samaki wa rangi rangi wakiogelea katika maji ya nchi nisiyoijua. Tulipotoka shule tulijazana pale tukiwa na njugu za kukaanga kwenye karatasi, tukitabiri samaki gani atafuata. Watu wazima nao walisimama, lakini wao walijadili kama samaki wa manjano anaweza kulika. Mama mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani, alitoa uamuzi kwamba yule hana nyama, ni rangi tupu, na kuanzia siku hiyo hakuna aliyebisha.

Mwenye duka alikuwa Mhindi mnene mwenye miwani, aliyezaliwa hapo hapo Kisumu na aliyezungumza Dholuo, Kijaluo chetu, kilichonyooka kuliko changu. Kwa miaka kadhaa alikuwa amewauzia walimu, madaktari na wafanyabiashara deki zinazotumia kaseti ndogo, akiwaapia kwamba duniani hakuna kitu bora zaidi. Kisha zikaja deki za kaseti kubwa. Sasa ilimbidi awaambie watu wale wale kwamba walichonunua kwake kimepitwa na wakati, na awaambie kwa namna ambayo hawatamtupia mawe. Akapata wazo. Kila atakayeleta kaseti ndogo ya zamani atapewa kubwa mpya bure, na akishakuwa na kaseti kubwa mkononi, deki ya kuichezesha atakosaje kuinunua?

Alikodi pikapu, akaifungia vipaza sauti viwili juu, akamwajiri mtangazaji kutoka Mombasa. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, au yaliponoga, itategemea ulikuwa wapi. Yule mtangazaji alikuwa na Kiswahili cha kupendeza mno. Sisi kitu cha video tulikiita kaseti. Yeye alikiita mkanda. Na kwetu mkanda ulikuwa kitu kimoja tu, kile cha kufungia suruali. Mwalimu wetu alijaribu kutufundisha tuuite mshipi, tukaitikia darasani, na tulipofika nyumbani ukaendelea kuwa mkanda, hasa kwa kuwa tulikutana nao tulipokosea. Pikapu ilipita Ahero, ikaenda hadi Sondu, na ikirudi ikasimama Katito siku ya soko, sauti tamu ya Mombasa ikiimba juu ya vichwa vya watu: lete mkanda wako wa zamani, ondoka na mkanda mpya, bure, Jumamosi hii.

Bibi yangu, ambaye sote tulimwita Dani kama Wajaluo wanavyowaita bibi zao, alikuwa sokoni Katito siku hiyo akiuza mtama. Alikuwa na jambo lililomkosesha raha. Baba, mtoto wake wa mwisho, alikuwa ameitwa Nairobi kwa mahojiano ya kazi baada ya mwaka mzima wa kukaa bila kazi. Suti ilikuwepo, ya marehemu Babu, lakini Babu alikuwa mtu wa kujaza mlango na Baba alikuwa mwembamba. Koti lilipunguzwa na fundi. Suruali nayo ilihitaji mkanda wa kuaminika, na mkanda wa Babu ulikuwa umepasuka pasuka, matundu yake yametobolewa kwa msumari wa moto. Dani aliposikia ile pikapu, aliamini kabisa kwamba ni Mungu amekodi gari.

Alifika kwetu Kisumu Ijumaa jioni na kuku, unga wa mtama na nyoyo, yaani mahindi yaliyochemshwa na maharagwe, ndani ya kikapu. Hakueleza kilichomleta. Alisema tu kwamba kesho ana kazi kwenye lile duka la televisheni, na kwamba mimi ndiye nitakayempeleka kwa sababu nazijua barabara za mjini. Nilikuwa na miaka kumi. Nilipiga pasi gauni langu kwa makaa mpaka likang'aa, nikaosha viatu vya mpira, nikalala nikitabasamu. Ndani ya duka lile sikuwa nimewahi kuingia. Nilidhani Dani ameuza ng'ombe na tunakwenda kununua televisheni.

Jumamosi mtaa ulikuwa umejaa. Mwenye duka alikuwa ametundika vitambaa vya rangi mlangoni, muziki unapigwa, soda zimepangwa ndani ya karai la barafu. La ajabu zaidi ni kwamba samaki hawakuwepo dirishani. Alikuwa amesimamisha kamera kwenye kona, ikiangalia kaunta, na waya mrefu ulitoka kwenye kamera hadi kwenye deki mpya, kwa hiyo kila aliyefika kaunta alionekana papo hapo kwenye televisheni ya dirishani, huku kaseti kubwa ikimrekodi. Waliokuwa nje walipiga kelele za furaha kila walipomwona mtu wanayemjua. Wasichana wawili wa darasa langu walikuwa wamebandika nyuso zao kwenye kioo. Niliwapungia mkono kwa maringo.

Tulipanga foleni nyuma ya mwalimu mkuu wa shule fulani, aliyetoa kaseti yake ndogo, akapewa kubwa, akapigiwa makofi. Kisha ikawa zamu ya Dani. Aliweka kikapu chini, akafungua fundo la leso, akatoa mkanda wa Babu, akaulaza juu ya kaunta taratibu.

Halafu kijana wa kaunta akaupandisha juu kwa vidole viwili ili kila mtu auone, na duka zima likaangua kicheko. Nje nako kicheko kikalipuka, kwa sababu walikuwa wakiyaona yote dirishani. Nilitazama kwenye kioo nikawaona wale wasichana wameshika matumbo.

Nikarudi nyuma hatua moja. Kisha ya pili. Halafu nikageuka, nikaanza kulisoma jokofu lililokuwa hapo kana kwamba nimetumwa kuja kulinunua. Dani alikuwa ametazama kaunta, hakuniona. Hilo ndilo lililonipa moyo wa kufanya nilichofanya, na sitakipamba: nilimwacha bibi yangu peke yake mbele ya watu waliokuwa wakimcheka.

Yeye hakutikisika. Alingoja wanyamaze, akamwambia mwenye duka kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Bwana, gari yenu ilikuja Katito. Ilisema tulete mkanda ya zamani, mtatupatia mpya. Hii ni ya zamani. Ilikuwa ya mzee yangu."

Mwenye duka alimwita yule mtangazaji wa Mombasa, akamuuliza alisema nini hasa. Mtangazaji akaanza kueleza kwamba katika Kiswahili sanifu mkanda ni utepe ambao, na kadhalika na kadhalika. Mwenye duka akamkatisha kwa kuinua mkono. Akauangalia mkanda wa Babu, akamwangalia Dani aliyekuwa amesimama wima na leso yake mkononi.

"Kama gari yangu imesema mkanda," akasema, "basi ni mkanda."

Kisha akaanza kufungua mkanda wake mwenyewe. Akina mama waliokuwa kwenye foleni walifunika macho, mmoja akaanza kumwita Yesu. Mwenye duka akauchomoa wote, mkanda mweusi wa ngozi, bado mpya, akaukunja vizuri na kumkabidhi Dani kwa mikono miwili. Suruali ikaanza safari ya kwenda chini. Akaidaka, akachukua mkanda wa Babu, akauzungusha kwenye tumbo lake, na ukamtosha kwenye tundu la mwisho kabisa. Babu na Mhindi walikuwa saizi moja. Makofi yaliyopigwa pale sijawahi kuyasikia tena isipokuwa uwanja wa mpira. Dani aliukagua mkanda mpya, akaunusa, akaridhika, akauliza kama soda pia ni bure.

Fundi aliuongezea mkanda ule matundu, Baba akaenda Nairobi, na suruali yake haikumwaibisha. Alirudi na kazi, na Dani hakukubali kamwe kwamba elimu ya Baba ilichangia chochote.

Kwangu mambo hayakuwa yameisha. Mwenye duka hakuwa mjinga. Aliona ana kaseti inayoshinda samaki mara mia, akaiweka dirishani ikawa inachezwa kutwa. Watu wakaja kutoka Sondu, kutoka Bondo, wengine hata Usenge, kumwangalia bibi wa mkanda, na wakishacheka wakaingia ndani kuuliza bei ya deki. Wachache walileta mikanda yao ya suruali kujaribu bahati. Shuleni halikuzungumzwa jambo jingine. Wale wasichana wawili walimwigiza Dani wakati wa mapumziko, anavyofungua fundo, anavyosema mkanda ya zamani, na hawakujua ni bibi yangu, kwa sababu siku ile walipotazama mimi nilikuwa kwenye jokofu, na kwenye kaseti macho ya wote yalifuata mkanda, hayakumfuata mtoto wa kandoni. Nikacheka pamoja nao.

Sifa zikamfikia Dani kule Katito. Akatuma salamu kwamba anakuja kujiona. Nilijaribu kila hila. Nilimtumia ujumbe kwamba mashine imeharibika, kwamba mvua imenyesha ndani ya televisheni. Alikuja tu, amevaa gauni la kanisani na kitambaa cheupe kichwani. Niliogopa kitu kimoja. Siku ile alikuwa amenipa mgongo. Kamera haikuwa imempa mtu mgongo.

Mwenye duka alimpokea kama mgeni wa serikali, akamwekea kiti mbele ya televisheni nyingine iliyokuwa ndani. Bado alikuwa amevaa mkanda wa Babu. Watu waliacha dirisha wakaingia, na wale wasichana wawili wakiwa mbele. Nilisimama kando ya kiti, mkono wangu umo ndani ya mkono wa Dani.

Kaseti ikaanza. Dani akalalamika kwamba kikapu chake kinaonekana kichafu. Akajiona akifungua fundo. Kicheko kikatoka kwenye televisheni, na hapo, kando yake, kila mtu akamwona mtoto mwenye gauni lililopigwa pasi vizuri akirudi nyuma hatua moja, kisha ya pili, kisha akigeuza uso. Mkono wa Dani haukuubana wangu wala haukuuachia. Mmoja wa wale wasichana akanitazama mimi, akatazama televisheni, akafungua mdomo.

Sijui mwenye duka aliona nini. Labda hakuona kitu, labda alikuwa muuzaji tu anayetaka kuonyesha ubora wa mashine yake. Alisema deki hii mpya ina uwezo wa kurudisha nyuma huku unatazama, akabonyeza. Picha ikaanza kukimbia kinyumenyume. Na yule mtoto wa kwenye jokofu akageuza uso, akapiga hatua moja, akapiga ya pili, akaja kando ya bibi yake; mkanda ukapaa kutoka kwenye kaunta ukaingia kwenye leso, naye akasimama karibu kabisa, gauni likigusa gauni.

"Simamisha hapo," Dani akasema.

Akasimamisha. Picha ilitetemeka, mstari mweupe ukakata katikati, lakini sote tulionekana, mimi na yeye. Dani akawageukia watu na kuwaambia, kwa sauti ile ile aliyomwambia nayo mwenye duka habari ya mkanda, "Huyu ni nyakwara wangu, mjukuu wangu. Mnaona vile alikuja kwangu?"

Nikasema ndiyo, ni mimi, ni bibi yangu, nikalisema kwa nguvu mpaka wale wasichana wakarudi nyuma. Halafu nikalia, na Dani akanipa soda yake iliyobaki.

Deki zile zimekwisha, kubwa kwa ndogo. Mwenye duka alihamia kwa wanawe ng'ambo, na kaseti ile najua waliifuta wakarekodi harusi juu yake, kwa sababu ndivyo kaseti zote zilivyoishia. Dani tulimzika Katito, na ninapoyaandika haya nimemkumbuka mpaka kifua kinauma, ingawa bado nacheka. Mpaka uzeeni aliisimulia habari ya mkanda kwa kila mgeni aliyekanyaga uani kwake. Alisimulia pikapu, kaunta, suruali ya Mhindi. Na kila alipofika mahali ambapo duka zima lilimcheka, alisema kwamba hapo ndipo mjukuu wake alipokuja akasimama naye. Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo nikichambua mboga, na sikumsahihisha hata siku moja.