Bastola ya Tatu ya Papa Shalom

Karani aliniuliza swali moja tu, na kabla sijakaa kwenye kiti nilikuwa nimeshakuwa mke wa pili.

"Mama Shalom, na ya tatu iko wapi?"

"Ya tatu gani?"

"Silaha ya tatu. Papa Shalom iko na tatu."

Nilicheka. Nilikuwa nimekuja na karatasi mbili za bastola mbili, kama kila mwaka. Kwetu kazi za biro, za ofisi za serikali, ni zangu zote, kwa sababu nina graduat yangu, shahada ya chuo, na mume wangu Malachie hana subira ya foleni.

Karani, Jean-de-Dieu, akanigeuzia kitabu nisome mwenyewe.

Mistari mitatu, mwenye silaha mmoja. Ya kwanza, milimita tisa, mtumiaji Malachie. Ya pili, milimita tisa, mtumiaji mimi. Ya tatu, six trente-cinq, yaani milimita sita na kitu. Mahali: Beni. Mtumiaji: Christa.

"Hii six trente-cinq ni ya namna gani?"

Jean-de-Dieu akapima kwa vidole, urefu wa kipande cha sabuni. "Kadogo hivi. Inaingia mu sakoshi." Kisha akaongeza, mjinga yule: "Banaume banapendaka kuipatia bibi."

Bibi, mke wa bwana, ni mimi. Sakoshi, mkoba wangu wa mkononi, ilikuwa magotini pangu, na hamkuwa na kadogo ndani.

Nililipa, nikapigiwa mihuri miwili, nikatoka. Sikumbuki nilivyofika nyumbani kwetu Vulamba, hapa Butembo.

Nieleze kidogo, msije mkasema huyu mama ni wa vita.

Tuna duka la vifaa vya ujenzi: misumari, mabati, kufuli. Miaka minne iliyopita watu wenye bunduki waliingia saa nane mchana, wakanilaza kifudifudi juu ya mabati yangu mwenyewe. Mabati yalikuwa yamepata moto wa jua. Alama iko kwenye shavu mpaka leo.

Mara hiyo Malachie mwenyewe akahangaika na biro hadi akapata ruhusa. Akaleta bastola mbili pacha.

Nilimuuliza kwa nini hakuniletea ndogo, maana mkono wangu ni mdogo.

"Calibre moja, Mama Shalom," akasema. "Katoni moja ya risasi. Yangu ikiisha, nakula kwako. Yako ikiisha, unakula kwangu. Mutu mwenye calibre mbili tatu, siku ya taabu anatafuta risasi mu kabati sawa mutu anatafuta soksi."

Nilipenda maneno hayo kuliko maua. Niliyapeleka mpaka kwenye kwaya ya wamama. "Mimi na bwana tunakula sahani moja," niliwaambia.

Kupiga, sikuwahi. "Ukipiga hapa Vulamba, basoda banajaza kiwanja dakika tano," alisema. Ilikuwa kweli, askari hawakawii.

Lakini kila Jumapili, baada ya ibada, alikuwa anakaa barazani na kitambaa na mafuta, anasafisha yake, kisha yangu. Mwenyewe. Nisiguse. Wenzangu waume zao hawawasafishii hata viatu. Mimi wangu alikuwa ananisafishia bastola.

Sasa kumbe kuna sahani nyingine. Na mtu mwenye sahani nyingine ana jiko lingine.

Christa nilimjua kwa sauti tu. Ndiye anayelinda depo yetu ya kakao kule Beni. Ukipiga simu anajibu, "Depo, bonjour," kwa sauti ya asali. Nilikuwa nimejiambia kwamba mwenye sauti kama hiyo lazima ni mnene na ana meno mabovu.

Malachie alikuwa Kirumba, kufuata lori la maharagwe. Yeye kusini, mimi nikashika njia ya kaskazini. Asubuhi na mapema nilikuwa ndani ya gari, bastola ndani ya sakoshi, risasi zimejaa, karatasi mkononi. Kila barrière ya barabarani soda, yaani askari, anaangalia karatasi, anaangalia uso wangu, ananirudishia haraka. Nadhani ni uso uliotupitisha.

Beni kuna joto. Nilishuka na koti la Butembo, nikaanza kuchemka ndani na nje.

Mbele ya depo kakao ilikuwa imeanikwa juu ya maturubai, inanuka uchachu. Mwanamke mmoja alikuwa anaigeuza kwa reki. Mrefu. Mwembamba. Mwanya wa mbele.

"Maman, karibu," akasema.

Ile sauti. Na meno mazuri kabisa. Nyamuhanga, Mungu wangu, ungenisaidia hata na jino moja tu.

Niliingia ndani bila kuambiwa. Kulikuwa na meza, mizani, kiti. Na juu ya kiti, mto. Mto wa liputa, kitenge cha kijani chenye ndege wa manjano.

Liputa ile ilikuwa ya Noeli yangu. Malachie aliniambia fundi alikata vibaya, kipande kikapotea.

Kipande hakikupotea. Kilikuwa chini ya matako ya Christa.

"Mimi ni Mama Shalom," nikasema.

"Ah! Bibi ya patron! Mama, ukae." Akanisogezea kiti chenye mto.

"Sikalii kitu yangu nikiwa mugeni. Leta bastola uliyopewa na bwana yangu."

Hakushtuka. Alifungua droo, akaweka mezani kitu kinachong'aa, kidogo, kizuri kama hereni. Na mimi nikatoa yangu, nyeusi, nzito, nikaiweka mbele yake. Mdomo wa bastola ulimtazama tumboni, na mkono wangu haukuondoka juu yake. Naandika ukweli: kidole kilikuwa mahali pake.

Christa aliangalia kidole, akaangalia uso wangu. Kisha kwa kidole chake kimoja, polepole, akausukuma mdomo wa bastola mpaka ukatazama ukuta.

"Mama, papa yangu alikuwa soda, mutengeneza silaha mu kambi. Bunduki hatuelekezee mutu. Ata kama ni malaya."

"Nani alisema malaya?"

"Macho yako. Mais likambo te, hakuna neno. Nikuambie yangu, uniambie yako."

Nikakaa. Juu ya mto. Ulikuwa laini, nikazidi kukasirika.

"Hii kadogo," akasema, "patron aliileta miezi kumi sasa. Aliniambia risasi zitatoka Kampala. Mpaka leo ziko mu njia."

"Haina risasi?"

"Ata moja. Nilimuomba ya tisa, sababu ya tisa inapatikana. Akakataa: hapana, ya bibi ni kadogo. Donc nalinda kakao na kitu ya kuonyesha. Bezi bakija, ninawaonyesha, banaona inang'aa, njo basi."

Hapo, ndugu zangu, roho yangu ikapoa kama chai iliyosahauliwa. Kumbe bwana hakumpa kitu! Nikanyoosha mgongo.

"Yangu inakula sahani moja na ya bwana," nikasema. "Calibre moja. Katoni moja. Na kila Jumapili ananisafishia kwa mikono yake."

"Anakusafishia?"

"Kila Jumapili."

"Ata yangu anasafishaka, kila akifika."

Chai ikachemka tena.

Christa alikuwa ameacha kutabasamu. "Mama, umeishaipiga hii?"

"Vulamba haipigwi."

"Ata siku moja?"

"Nimesema haipigwi."

"Uniruhusu?"

Alitandika gunia safi juu ya meza, akatoa risasi zote, akaifungua bastola yangu vipande vipande kama mtu anavyomenya ndizi. Akatazama ndani. Akageukia mwanga wa mlango, akatazama tena.

"Mama. Percuteur iko wapi?"

"Ni nini?"

"Kamusumari kadogo ka kugonga risasi. Yako haina. Hii inavutwa mpaka Yesu anarudi, haitalia."

Mimi ni muuza misumari. Nilitazama tundu lile tupu mahali ambapo msumari wangu ulipaswa kukaa, na sikuhitaji graduat.

Miaka minne. Nililala na kile chuma chini ya mto. Nilikwenda nacho benki. Usiku bunduki za majambazi zilipolia mtaa wa pili, nilikaa mlangoni nimekishika, watoto nyuma yangu, nikiwaambia, "Msiogope, mama yuko na silaha."

"Yangu iko na musumari, haina risasi," Christa akasema. "Yako iko na risasi, haina musumari. Tukiziunganisha tungepata bastola moja."

"Haziungani," nikasema. "Calibre si moja."

Tukatazamana.

Sote wawili tulielewa kwa mara moja. Yule bwana alikuwa na bastola moja tu. Nyingine mbili zilikuwa vidani.

Christa ndiye aliyeanza kucheka. Mimi nilifuata, nikiwa na machozi. Halafu nikamuuliza lile swali, kwa sababu sikwenda Beni kwa ajili ya msumari.

"Na mto?"

"Alifunikia gunia ya sampuli na ile kitambaa, akaisahau. Nikashona. Sikujua ni ya mutu."

Niliuchukua. Nilimwamini, lakini niliuchukua. "Wasingya," nikamshukuru kwa Kinande, nikaufunga ndani ya koti.

Kabla sijaondoka nilimwambia anifundishe kufungua na kufunga. Alinifundisha mara tatu. Mkono mdogo unafaa sana kwa kazi hiyo.

Malachie aliporudi kutoka Kirumba hakukuta kelele. Alikuta ugali wa fufu, mboga ya sombe, na mke mwenye sauti ya asali.

Jumapili, baada ya ibada, nilimfuata barazani.

"Papa Shalom, kila wiki unasafisha mbili, unachoka. Tangu leo nitasafisha yako. Wewe endelea na yangu."

Akafurahi! Mtu mzima, mzee wa kanisa, akatabasamu kama bwana harusi. "Ni mapendo hiyo," akasema.

Tukakaa, kila mtu na bastola ya mwenzake. Alinigeuzia mgongo kidogo ili nisione tumbo la yangu. Na mimi nikamgeuzia mgongo kidogo ili asione ninachofanya na yake. Mama Hulda na Papa Lévi, majirani zetu, walipita wakitoka kanisani. "Muwaone wale," walisema. "Batoto ya leo bajifunze."

Msumari wake niliuweka ndani ya kopo la chumvi.

Jumapili kumi na moja tulikaa hivyo. Katikati ya wiki alikuwa anapanda Beni kwa kazi ya kakao, bastola kiunoni, kifua mbele, anapita Maboya, pale majambazi wanapovizia magari, kama jenerali. Kila alipotoka nilifungua kopo la chumvi, nikalifunga tena. Nilijiambia nitamwambia jioni. Jioni nilikumbuka miaka minne, nikanyamaza.

Ile Jumapili ya kumi na mbili nilimwekea msumari kwenye sahani, juu ya fufu.

Aliuangalia. Aliutambua mara moja, na hapo alijimaliza, maana mtu asiye na hatia angeuliza ni nini.

"Ni ya nani hii?"

"Ya kwako."

Alisimama, akavuta bastola yake, akaifungua, akaona tundu. Akakaa bila kutafuta kiti, kiti ndicho kilimtafuta.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya mapendo."

"Mama Shalom! Ile yote nilipita Maboya na chuma tupu? Wiki kumi na moja! Ungeniua!"

"Mimi ni miaka minne."

Sombe ikapoa.

Kisha akafanya kitu ambacho sikukitegemea. Akafungua zipu ya kifuko cha Biblia yake, ile anayobeba madhabahuni kila wiki, akatoa kikaratasi kilichokunjwa. Ndani yake mlikuwa na msumari wangu.

"Niliogopa," akasema. "Si bezi. Weye. Mwanamuke wa wivu, na bastola nzima, mu nyumba moja na mimi? Siku ile ulinifuata mpaka ku kinyozi, ukisema niko na mwanamuke pale."

"Na Christa? Naye ana wivu?"

"Christa ile niliogopa ataniibia. Nikampatia calibre yenye haina risasi. Na nikakuficha, juu ya wivu yako. Weye nilikupatia calibre yangu, sababu ningekupatia kadogo ungeuliza risasi iko wapi." Akainua macho. "Sasa uniambie kweli. Ulijua namna gani? Ulienda Beni?"

"Nilienda."

"Na bastola?"

"Na bastola."

"Uliitoa mbele yake?"

Nilisogeza sahani yangu pembeni.

"Kama ningeiacha na msumari, Mama Shalom, leo ungekuwa hapa ama mu gereza?"

Swali hilo sijalijibu mpaka leo. Nakumbuka kidole changu na mahali kilipokuwa. Ndiyo maana naandika hapa na majina yamebadilishwa, sikuweza kuliongea kwenye kwaya.

Lakini tulimaliza hivi. Kadogo kalirudi biro, na Jean-de-Dieu alifuta mstari wa tatu mbele ya macho yangu. Christa alisema hataki bastola tena, anataka mlango wa chuma na kufuli mbili. Kufuli nilimchagulia mimi mwenyewe dukani, nzuri, nzito. Hazing'ai.

Misumari yote miwili imerudi mahali pake. Tunasafisha Jumapili uso kwa uso, hakuna kugeuza mgongo. Bastola ziko kwake, katoni ya risasi iko kwangu, ufunguo kila mtu na wake. Mmoja akitaka kupiga, lazima kwanza amwambie mwenzake ni nani anayemkasirikia.

Na mto upo kwenye kiti changu. Naukalia ninapoandika.

Watu wananiuliza: nyumba yenye silaha mbili, calibre moja ama tofauti? Mimi nasema moja. Lakini calibre haikuambii kama umeaminiwa.

Mwanamke mwenzangu, kabla hujapanda gari kwenda kuonea wivu alichopewa mwingine, fungua kwanza chako, uangalie ndani.