Kidonda Kilichoachwa Wazi

Ukitaka kumjua Avelina Mwalongo usimuulize mwenyewe, maana atakwambia yeye ni muuguzi tu, kisha atakutazama usoni aone kama umekubali haraka mno. Waulize waendesha bodaboda wa Makambako. Wengi wao wana alama ya mkono wake mahali fulani mwilini: gotini, kwenye kiwiko, mmoja juu ya jicho. Kwa miaka mingi aliyepasuka ngozi upande ule wa reli alipelekwa kwenye kile kituo kidogo cha afya, na kabla hajapanda kitandani alishaanza kuuliza kama dada Avelina yupo zamu. Akiambiwa hayupo, wapo waliokaa benchini na vitambaa vilivyolowa damu wakamsubiri. Avelina alizijua habari hizo zote, na usidhani alizipuuza.

Kushona alifundishwa kwenye hospitali ya misheni nje ya Njombe, na Sista Feliciana, mtawa wa maneno machache. Walijifunzia miguu ya nguruwe, ile inayobaki buchani watu wakishachukua nyama ya maana. Wanafunzi waliichana kwa wembe, wakaishona, wakaifumua, wakaishona tena, mpaka vidole vikaacha kutetemeka. Sista alipita nyuma yao akiwaelekeza. Sindano iingie wima, izunguke pamoja na kiganja, itokee ng'ambo kwa kina kilekile ilichoingilia. Kingo za jeraha ziguse tu, zisibanwe, kwa sababu ngozi iliyobanwa hukosa damu ikafa. Siku moja alisimama nyuma ya Avelina, akainama, akatazama kwa muda, akasema, "Huyu ana mkono." Wenzake wote walisikia. Avelina alirudi nyumbani na neno lile, na kwake lilikuwa na uzito zaidi kuliko cheti alichopewa baadaye.

Ndipo akaja Anifa, muuguzi mpya. Alikuwa binti wa Mansoor mwenye malori, yule aliyefika Makambako zamani akiwa utingo, akaoa na kujenga hapohapo. Binti mwenyewe hakuwa na kosa lolote, na hilo ndilo lililofanya iwe vigumu kumsamehe. Aliamkia shikamoo kila aliyemzidi umri, alifika kazini mapema, na ushungi wake mweupe haukuwa na doa hata mwisho wa zamu. Alikuwa bado mgeni pale kituoni Avelina alipokwenda Kichiwa kumzika shangazi yake. Huku nyuma akaletwa mtoto wa muuza mitumba, amepasuka kidevu. Anifa alimshona kwa uzi mwembamba uliopita chini ya ngozi, usioonekana kwa juu.

Avelina aliporudi kutoka msibani alimkuta mama wa yule mtoto akizunguka naye benchi kwa benchi, akimwinua kidevu ili watu waone. Palibaki mstari mdogo ambao usingeuona usipoonyeshwa. Sasa mishono ya Avelina ilishika vizuri na haikuwahi kuachia, lakini alama iliacha, mstari mrefu na vijistari vya kukatiza. Kijana mmoja wa bodaboda alikunja suruali, akalitazama goti lake, akasema kumbe yeye dada Avelina alimjengea reli. Benchi zima likacheka, na Avelina akacheka nao.

Tuseme wazi: alimwonea wivu. Wala si ule wivu mwepesi wa mtu kusema laiti ningekuwa yeye. Ni ule mwingine, unaomfanya mtu atamani mwenzake ateleze watu wakiona. Anifa akivaa glavu, Avelina naye angepata kitu cha kutafuta kwenye kabati la chumba kilekile. Alimvizia kwenye ganzi, kwenye fundo, kwenye namna ya kukata uzi. Kosa hakuliona, na kila alipolikosa roho ilizidi kumwuma.

Mkuu wa kituo, Dakta Aloyce, hakuwa mtu wa kuona mambo kama hayo. Alimwomba Avelina awafundishe kushona wauguzi wapya, naye akakubali kwa uso mkunjufu, akaenda kwa muuza kitimoto kuagiza miguu ya nguruwe. Angeweza kuagiza ngozi ya ng'ombe, bucha Makambako ziko tele. Lakini alimweleza kila aliyekuwa tayari kusikiliza kwamba ngozi ya nguruwe ndiyo inayokaribiana na ya binadamu, na hapo hakusema uongo. Mwenye kijicho hupenda sana kujifunika kwa jambo la kweli. Picha alishaiona yote kichwani: wenzake wameinamia meza, na Anifa kakaa pembeni, mikono mapajani.

Anifa alifika na kikapu. Ndani mlikuwa na miguu ya mbuzi, imenyolewa ikawa myeupe. Aliomba kwa upole aruhusiwe kutumia hiyo, akaenda kukaa kwenye meza ya dirishani ili asimkwaze mtu. Ngozi ile ya mbuzi ilikuwa nyembamba, ukiivuta kidogo tu inachanika, na Anifa alikuwa anaifunga bila kuichana. Muuguzi mmoja akaacha nguruwe wake akaenda kuchungulia. Akafuata wa pili. Haukupita muda Avelina akawa anafundisha meza isiyo na watu. Aliwaita warudi, kwa ukali ambao yeye mwenyewe aliusikia.

Huenda mambo yangeishia kwenye kununa tu kama si mguu wa Kasimiri.

Kasimiri alikuwa mpasua mbao wa Matembwe. Shoka lilimteleza likamchana shavu la mguu. Wenzake walijaza ugoro kwenye jeraha kuzuia damu, wakalifunga kwa fulana, na kwa kuwa lori la mbao lilikuwa linaondoka kesho yake, alipanda hilo akashukia Makambako, ambako mke wake Stella ana ndugu. Alipofika kituoni jeraha lilikuwa limechafuka, ndani mna ugoro na unga wa mbao. Zamu ilikuwa ya Anifa. Alilisafisha kwa maji ya chumvi chupa baada ya chupa, akaondoa nyama iliyokufa, akamchoma sindano ya pepopunda, akaweka shashi yenye unyevu na kufunga bandeji. Hakushona. Alimweleza Kasimiri awe anakuja kusafishwa, na baada ya siku nne tano, nyama ikiwa nyekundu na safi, ndipo jeraha litafungwa.

Siku iliyofuata Anifa alikuwa mapumziko, na aliyemfungua Kasimiri bandeji ni Avelina. Alielewa mara moja kilichofanyika na sababu yake. Jeraha chafu lililochelewa halishonwi siku hiyo, maana ukilifunga unaufungia uchafu ndani. Hilo alilijua tangu kwa Sista Feliciana, na amewafundisha wengine. Lakini Kasimiri alikuwa na haraka ya kurudi kwenye mbao zake, na alikuwa na swali.

"Yule binti mbona hakunishona? Au hajui?"

Avelina aliutazama mguu. Kwa juu ulionekana safi kweli, na usafi huo ulikuwa kazi ya Anifa, lakini Kasimiri hakuyajua hayo. Jibu la haki lilikuwa fupi, na alikuwa nalo mdomoni.

"Wengine bado wanajifunza," akasema, akavuta trei ya vifaa.

Alishona kama ambavyo hajawahi kushona. Alifunga tabaka la ndani, kisha akapitisha uzi mwembamba chini ya ngozi, mshono uleule wa Anifa. Ndiyo, alikuwa ameujifunza kwa siri nyumbani kwake, mlango umefungwa, kwa miguu ya nguruwe iliyobaki siku ya mafunzo. Stella, aliyekuwa amesimama kando akimshikia mumewe koti, alisema hata fundi cherehani hawezi kazi ile. Avelina alitoka zamu akiwa mwepesi, akanunua parachichi njiani, akasalimia mpaka watu asiowapenda.

Kasimiri alirudi ameegemea bega la mkewe, anatetemeka kwa homa. Mguu ulikuwa umevimba na kung'aa, na ule mstari mzuri umezama kwenye wekundu. Anifa ndiye aliyempokea. Alipoona uzi mahali ambapo hakuacha uzi, alienda kumwita Avelina. Wakasimama pande mbili za kitanda. Avelina alikata uzi na kuuvuta, na usaha ukatoka mwingi, na harufu yake ikawafanya watu wa kitanda cha jirani wageuke ukutani. Ikabidi wafungue mpaka chini kabisa. Kasimiri aling'ata kola ya shati.

Stella ndiye aliyesema kwanza.

"Haya yote kayaleta huyu binti. Kaacha kidonda wazi, uchafu ukaingia. Dada alipokuja kukifunga kilikuwa kimeshaoza."

Akaongeza kwamba siku ya kushonwa tena, mumewe ataguswa na Avelina peke yake. Anifa aliinua macho, akamtazama Avelina mara moja, kisha akaendelea kumimina maji ya chumvi. Avelina aliinamia mguu, akajitia kuwa kazi imemzidi. Maneno manne tu, aliyekosea hapa ni mimi, yangeweza kusemwa hapo kitandani, na hayakusemwa.

Habari Makambako haihitaji gari. Siku chache tu, na watu wa benchini wakaanza kuuliza zamu ni ya nani kabla ya kuketi. Mama mmoja alimwondoa mwanawe mbele ya Anifa mkono ukiwa tayari umeshapakwa dawa. Foleni ikarudi kwa Avelina kama zamani. Je, ilimwuma? Mwanzoni hapana, na hapa sitamremba: ilikuwa tamu. Alikuwa anaamka na hamu ya kwenda kazini. Anifa alipewa kazi ya chanjo, akaifanya bila kulalamika, na kila siku akaja kumsafisha Kasimiri kwa sababu Dakta Aloyce aliona hakuna anayesafisha vizuri kama yeye. Stella alikubali kwa shingo upande, akasimama juu yake muda wote.

Mguu ukapona ndani. Homa ikaisha, nyama ikawa nyekundu na safi, na siku ya kufunga ikafika. Avelina alishona, Anifa akimkatia nyuzi. Safari hii aliweka mishono ya kawaida, iliyoachana, maana jeraha la namna ile halitaki urembo. Sindano iliingia wima na kutokea sawa, kingo zikagusana bila kubanwa. Kasimiri alipelekwa nje kwenye kiti cha magurudumu, nao wakabaki wawili wakikusanya vifaa.

"Dada, ile imekaa vizuri," Anifa alisema. "Mimi kwenye nyama iliyovimba vile nisingeweza kusawazisha kingo."

Alisema kweli, na Avelina alijua kuwa ni kweli. Hapo ndipo lilipompata. Wale vijana wa bodaboda, Stella na benchi zima, hakuna kati yao aliyejua mshono ni nini. Walijua alama tu. Pale kituoni mtu aliyeweza kuutazama mshono na kuujua alikuwa mmoja, na miezi yote hii, chini ya kijicho chote kile, Avelina alikuwa anatamani sifa itoke kwa mtu huyohuyo. Sasa imetoka, na hakuweza kuipokea.

"Siku ile mbona hukumwambia Stella ukweli?" akauliza.

Anifa alikuwa anahesabu mikasi kwenye trei. Hakugeuka.

"Nilikuwa nasubiri useme wewe."

Avelina alivua glavu. Alitoka mpaka nje, kwenye benchi lililojaa, ambako Stella alikuwa anamfunika mumewe blanketi. Kasimiri alimwamkia kwa Kibena, kamwene, kwa furaha ya mtu aliyemaliza mateso, na jambo hilo likafanya iwe ngumu zaidi. Aliyasema akiwa amesimama, kwa sauti ambayo wa mwisho benchini aliisikia. Alisema Anifa aliacha kidonda wazi makusudi, na alikuwa sahihi, kwa sababu kilikuwa kichafu. Akasema aliyekifunga kabla ya wakati ni yeye, akijua, na usaha ule aliufungia yeye.

Stella hakupiga kelele. Alimalizia kumfunika mumewe, akaupindisha ukingo wa blanketi, kisha akasema, "Basi nyuzi atakuja kuzitoa yule binti."

Avelina akamjibu sawa. Dakta Aloyce alimwita siku hiyohiyo, akamwambia aliyostahili kuambiwa, na kwa muda akamweka kwenye chumba cha kuandalia vifaa, mbali na sindano. Foleni ilihamia kwa Anifa, ikabaki huko.

Siku ya kutoa nyuzi Avelina alikuwa chumba cha pili akikunja shashi, na ukuta ule ni wa mbao. Alisikia mkasi, nyuzi zikitoka moja moja, kisha Kasimiri akikanyaga sakafu kwa mguu ule, kwanza taratibu, halafu kwa uzito wake wote. Stella akaanza kusifu. Alisema kovu limekaa sawa, alisema Mungu ampe binti maisha marefu, alisema tangu mwanzo kazi ile ingeachiwa mikono kama hii.

"Hii kashona dada Avelina, mama," Anifa akasema. "Mimi nimetoa nyuzi tu."

Avelina aliyasikia yote mawili, sifa zilizopita mlango wake na sauti iliyozirudisha, na akajaribu kufikiri kama yeye, siku hiyo au siku nyingine yoyote, angetamka maneno yale. Aliweka chini shashi aliyokuwa anaikunja. Sifa za Stella zilimwuma, lakini lililomwuma zaidi ni lile la Anifa.