Ndovu wa Tete

Mimi ni mtu wa Voi, jua lenyewe hunipigia saluti. Lakini Tete, huko Msumbiji kando ya mto Zambezi, joto lilinipika mpaka kivuli changu kikaomba maji. Nilienda kumwona binti yangu Wakesho, miaka sita tangu aolewe huko. Siku tatu nzima anacheka na watu wake kwa Kireno, mimi nimekaa kama gunia. Nikasema moyoni, huyu ametusahau kabisa.

Alfajiri, nimelala nje kwa baraza, nasikia mahindi yakivunjwa nyuma ya nyumba, kraa, kraa! Kwetu hiyo ni ndovu ametoka mbugani kumaliza shamba. Nikanyakua sufuria na mwiko, nikagonga vile tunavyowafukuza kwetu, mpaka Zambezi ikasimama.

"Ndovu! Amkeni, ndovu!"

Majirani wote wakatoka. Katikati ya mahindi amesimama baba mkwe wake Wakesho, mzee mnene, mikono juu, ameshika hindi bichi la kunichomea mimi mgeni.

Mara mlango ukafunguka kwa kishindo. Wakesho huyo, leso kifuani, anagonga sufuria yake.

"Wako wangapi, baba?"